Posa inauliza kila kitu ila figo



Posa ikishaletwa, wazee wetu huchimba hadi wafikie maji. Kijana ni wa nani, mama yake katokea wapi, anasali, anafanya kazi gani, anatafuna mirungi au hatafuni, aliwahi kuoa. Upande wa pili nao hutuma watu wao mtaani kwa bi harusi. Hakuna linaloachwa. Lakini uliza babu wa kijana alikufa kwa maradhi gani, utaambiwa presha. Ami yake? Presha. Shangazi yake? Presha pia, alivimba miguu, mwisho akawa anakwenda kusafishwa damu. Watu watatu wa ukoo mmoja, wote hawakufika miaka 60, na neno presha limefunika kila kitu kama kawa juu ya sinia.

Sisi tunaona swali hilo liulizwe, tena mapema. Hatusemi hivyo ili posa zivunjike. Yapo maradhi ya figo yanayorithiwa ambayo humkaa mtu miaka 20 au 30 bila ya kumuumiza, na miaka hiyo ya kimya ndiyo yenye faida kubwa kwa mgonjwa akijua. Tukiificha khabari, tunamlia mtoto wetu miaka yake.

Sisi tunashona, hatutibu. Haya tumeyasoma na kuwauliza wanaotibu kwa sababu wateja wetu na jamaa zetu wamo ndani yake, na tutayaeleza kwa maneno ya chumba cha cherehani.

Madaktari wanayaita maradhi ya figo ya polisistiki, yaani figo zenye vifuko vingi vya maji. Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja ambao tunausikia kila mara. Vifuko vya kwenye ovari, vile vinavyovuruga hedhi, ni jambo jengine. Majina yamekaribiana tu, na moja halileti jengine. Na mtu mzima akipigwa ultrasaundi akaonekana na kifuko kimoja kwenye figo, asianze kulia. Umri ukisogea, watu wengi hupata kimoja au viwili visivyo na madhara. Tunachozungumza hapa ni figo zote mbili kujaa vifuko mpaka zikawa kama mashazi ya zabibu.

Figo ya mtu mzima ni kadiri ya ngumi yake, uzito wake kama gramu 150. Ndani yake mna vichujio kiasi cha milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake, mwembamba kuliko uzi wa cherehani. Ukuta wa mrija ni safu moja tu ya seli, na seli huwa na kinywele kilichochomoza ndani ya mrija, kinachopitiwa na maji yanayokwenda. Kwenye kinywele hicho hukaa protini mbili zinazoitwa polisistini. Zikiwa sawa, seli hujua pa kusita, haizaani ovyo. Maelekezo ya kuzitengeneza yameandikwa kwenye jeni mbili: PKD1, iliyoko kromosomu ya 16, na PKD2, iliyoko kromosomu ya 4.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni hizo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye maradhi haya kazaliwa na nakala moja mbovu. Ile nzima inafanya kazi, ndiyo maana mtoto anazaliwa vizuri, anacheza, anafaulu skuli, na hakuna anayeshuku kitu. Kisha, katika miaka ya uhai wake, seli moja hapa na nyengine kule hupoteza na ile nakala nzima, au protini zenyewe zinakuwa haba mno. Seli hiyo haina tena wa kuizuia. Inajigawa, na watoto wake wanajigawa, na ukuta wa mrija unatuna mahali hapo hapo, kama bitana iliyokatwa kubwa kuliko nguo yake.

Mwanzoni mfuko huo bado umeungana na mrija, na maji ya mrija ndiyo yanayoujaza. Ukifika milimita chache, unajitenga. Hapo unakuwa kifuko kamili, hakina mlango wa kuingia wala wa kutokea, na bado kinakua, kwa sababu seli za ukutani mwake zinasukuma chumvichumvi ndani na maji yanazifuata. Ipo homoni inayoitwa vasopresini, ambayo mwili huitoa mtu anapokuwa na kiu ili abane maji. Nayo huzichochea seli hizo zizidi.

Tunakuombeni mlishike hilo la kutokuwa na mlango. Kwenye makundi ya WhatsApp hakukosekani mtu anayeuza dawa ya kuosha figo, chupa kwa wiki mbili, pamoja na ushuhuda wa mama mmoja asiyejulikana anakaa wapi. Kifuko kilichojifunga hakioshwi na kitu unachokunywa. Tena baadhi ya mitishamba huziumiza hata figo zilizokuwa nzima. Pesa hizo ni bora ziende kwenye mashine ya kupimia presha ya nyumbani, itumike na ukoo mzima.

Sasa hapa pana jambo lililotushangaza. Mirija inayoota vifuko ni michache sana, haifiki hata 5 katika kila 100. Iweje basi figo zife? Kwa sababu vifuko haviishi peke yao. Kila kimoja kinapokua kinawabana majirani zake, mirija mizima pamoja na mishipa midogo ya damu. Sehemu iliyobanwa inakosa damu ya kutosha, figo inadhani mwili mzima umepungukiwa, inatoa homoni za kupandisha presha. Ndiyo ile presha ya kijana wa miaka 25 au 30, mwembamba, asiye na kitambi, ambaye watu humwambia apunguze mawazo. Presha yake haikuja kwa mawazo, wala haikuanzia kwenye chumvi ya urojo, ingawa chumvi huizidisha. Nayo ikiachwa juu huzichosha zaidi figo zile zile zilizoileta. Taratibu, pale palipobanwa hugeuka kovu, na kovu halichuji damu.

Muda wote huo vichujio vilivyobaki vinafanya kazi ya wenzao. Ndiyo maana kipimo cha damu cha kreatinini kinaweza kurudi kizuri mwaka hadi mwaka huku figo imeshakuwa kubwa mara mbili au tatu. Mtu anaambiwa figo zako ziko sawa, anafurahi, anarudi kwake. Kipimo kinapoanza kuharibika, sehemu kubwa imeshakwenda, na kuanzia hapo mteremko huwa mkali. Figo iliyokuwa gramu 150 inaweza kufika kilo nzima, na nyengine huzidi hapo kwa mbali.

Wala si maradhi ya zama hizi. Mfalme wa Poland, Stefan Batory, alipokufa mwaka 1586, waliomfungua waliandika kwamba figo zake zilikuwa kubwa kama za ng'ombe dume na zimejaa vinundu. Wanaoyachunguza maradhi haya leo wanaamini ndiyo yaliyomuua. Kwa hiyo anayesema haya ni ya watu masikini, au ya watu waliorogwa, ana mfalme wa kumjibu.

Kasi si moja kwa wote. Ubovu ukiwa kwenye PKD1, na huko ndiko uliko kwa zaidi ya robo tatu ya familia zenye maradhi, figo nyingi huchoka mtu akiwa kwenye miaka ya 50. Ukiwa kwenye PKD2, mwendo ni wa taratibu. Wengi hufika miaka ya 70 kabla ya figo kushindwa, na wapo wanaokufa kwa mengine bila ya kujua kwamba walikuwa nayo. Hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hutafautiana.

Kwetu wanawake pana la ziada. Vifuko hivi hujitokeza kwenye ini pia, na kwa wanawake huwa vingi na vikubwa kuliko kwa wanaume, khasa kwa aliyezaa mara nyingi au aliyetumia dawa zenye homoni ya estrojeni, vikiwemo baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Sisi tunaoshika futi tunajua viuno vya watu. Mwanamke mikono imepungua, mabega yamepungua, kiuno kinaongezeka kila sikukuu, na mawifi wameshaanza kumuuliza ana miezi mingapi. Muacheni na hilo swali. Mwambieni aende spitali akapigwe ultrasaundi ya tumbo, na kama kwao kuna watu wa figo, alitaje hilo mwenyewe bila ya kungoja kuulizwa.

Na uzazi. Mwanamke mwenye maradhi haya ambaye presha yake imetulia na figo zake bado zinafanya kazi vizuri, aghalabu hubeba mimba na kujifungua salama. Lakini yumo kwenye hatari zaidi ya presha ya mimba na kifafa cha mimba, kwa hiyo kliniki aianze mapema na asiikose. Kubwa kuliko yote ni dawa. Dawa za presha zinazopendelewa kwa figo hizi ni za jamii ya enalapril, lisinopril na losartan, na hizo zinamdhuru mtoto aliye tumboni. Zinatakiwa zibadilishwe na daktari kabla ya mimba kuingia, si mwezi wa nne mama mkwe anapogundua. Haya ya nani aliuliza na nani aliambiwa hayana budi kutangulia nikaha, kwa sababu kwetu mwezi wa pili baada ya nikaha bi harusi huwa ameshaanza kutapika.

Sasa tuje kwenye urithi, palipo na fitina nyingi. Mzazi mmoja akiwa na maradhi haya, baba au mama, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata, awe wa kike au wa kiume. Kila mimba shilingi inarushwa upya. Watoto wanne wanaweza kupata wote, na wanaweza kukosa wote. Aliyekosa hana cha kuwarithisha wanawe. Na kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila kumi hana mzazi mwenye maradhi. Ubovu umeanza kwake mwenyewe. Kwa hiyo mkwe anayesema "kwetu hakuna, kayaleta huyu" apimwe kwanza yeye na mumewe.

Wengine husema yote haya yanatokana na kuoana watoto wa ami. Kwa aina hii, hapana. Inatosha mzazi mmoja, hata kama mwenziwe katoka ng'ambo ya bahari. Ila ipo aina ya pili, ya nadra, kiasi cha mtoto mmoja katika 20,000, na hiyo ndiyo inayohusu ndoa za jamaa. Huko jeni ni nyengine, PKHD1, iliyoko kromosomu ya 6, na mtoto haumwi mpaka arithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama. Wazazi wenyewe wazima, hawana dalili yoyote, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne. Vifuko vya aina hii havingoji utu uzima. Mirija ya kukusanyia mkojo hutanuka mtoto akiwa bado tumboni, figo zinakuwa kubwa, mkojo hautoki wa kutosha, na kwa kuwa maji ya uzazi kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto, maji yanapungua na mapafu hayapati nafasi ya kukua. Wengine huzaliwa na kuondoka siku ile ile. Wanaoishi hubaki na shida ya figo na ya ini. Watu wa ukoo mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba nakala moja mbovu ile ile, kwa hiyo familia iliyokwisha kumzika mtoto wa namna hiyo isilinyamazie jambo inapotaka kuunganisha binamu wengine. Mama wa kichanga hicho kwa kawaida ameshabebeshwa kila tuhuma, jicho, shetani, kitu alichokula. Na yeye anastahiki kuambiwa ukweli.

Kuna wanaotujibu, na wengine ni mama zetu wakubwa tunaowaheshimu, kwamba maneno haya yatawafanya watoto wa kike wasiposwe. Hoja hiyo ina uzito, hatuwezi kuipuuza. Zipo posa zitakazorudi. Lakini tazameni na upande wa pili: wanaume nao wanayo sawasawa na sisi, kwao nao wanaficha, na anayekuja kuuguza ni mwanamke aliyeolewa bila ya kujua. Anakaa na mume anayekojoa damu usiku na kudhani kalogwa. Ukimya unamlinda nani hapo?

Tena kusema si kutangaza. Si jambo la kumwagwa barazani siku ya barua. Sisi tunaona mahali pake ni baada ya pande mbili kuridhiana na kabla ya kupanga tarehe: mzazi kwa mzazi, au wachumba wenyewe mbele ya walii. Aliyeambiwa akitaka kuendelea, aendelee; akitaka kurudi nyuma, arudi, lakini asitoke na khabari ya watu. Siri ya mwili wa mtoto wa mwenzako ni amana, na kuitia kwenye kundi la wanaharusi ni khiyana. Na aliyeambiwa ajue pia anachokikataa. Binti wa miaka 23 mwenye maradhi haya ana miaka mingi ya kazi, ya watoto, ya kucheza ngoma kwenye harusi za wengine. Wapo wanaoishi nayo mpaka wakapakata wajukuu. Huyo kijana mwengine mtakayemkimbilia, sukari ya kwao mmeiuliza?

Kwa mwenye mzazi au ndugu aliyethibitika, njia yenyewe si ndefu. Presha ipimwe, mkojo na damu vipimwe, na ultrasaundi ipigwe. Kwa mtu wa ukoo huo aliye kati ya miaka 15 na 39, vifuko vitatu au zaidi kwa jumla ya figo zote mbili vinatosha kuthibitisha. Visipoonekana akiwa na miaka 20, asifunge daftari, kwani vinaweza kuchelewa, na ni bora daktari amwambie arudi lini. Akivuka miaka 40 na havifiki hata viwili, hapo anaweza kupumua. Kipimo cha jeni kipo duniani, lakini ni ghali, na wengi hawakihitaji ili kuanza kujitunza.

Kujitunza kwenyewe kwanza ni presha, pili ni presha. Chumvi ipunguzwe. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo sisi wanawake tunavimeza kama peremende kila hedhi ikija, si rafiki wa figo hizi. Maji yanywewe ya kutosha maadamu daktari hajayawekea kikomo. Ipo dawa inayoitwa tolvaptan, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2018 kwa maradhi haya, inayoizuia ile homoni ya kiu isichochee vifuko. Inapunguza mwendo, haiponyeshi. Ni ghali, inamkojoza mtu mchana na usiku, na ini lake hupimwa mara kwa mara anapoitumia.

Ramadhani ikikaribia, mwenye figo zilizoanza kushuka azungumze na daktari wake mwezi mmoja kabla. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na hakuna thawabu tunayoijua ya kujikausha mpaka ukalazwa.

Na kama mambo yatafika mbali, msaada upo karibu kuliko zamani. Tangu mwaka 2017 Muhimbili wanapandikiza figo, na figo hizo hutolewa na ndugu. Hapo ndipo ukoo uliojificha hukwama. Dada anajitolea kwa moyo wote, anapimwa, anakutwa na vifuko vyake mwenyewe. Kaka naye hivyo hivyo. Siku mbili wamejua wagonjwa watatu, na mtoaji hajapatikana.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuchagua rangi ya viti, kaeni na bibi zenu walio hai. Waulizeni nani kwao alivimba miguu, nani alikojoa damu, nani alikuwa na tumbo kubwa bila ya mimba, nani alipata presha kabla ya miaka 35, nani alishikwa na kichwa kikali cha ghafla akafa siku ile ile, kwani mishipa ya ubongo ya baadhi ya wenye maradhi haya huwa na udhaifu wa kututumka na kupasuka. Bibi hukumbuka majina na miaka kuliko mnavyodhani. Yaandikeni kwenye lile daftari la harusi, ukurasa wa baada ya hesabu ya vitambaa, na ukurasa huo mwende nao spitali.